Dada Yangu Mwalimu wa Muziki, na Sasa Mdogo Wetu Naye Anataka

Naandika kutoka maabara ya uhandisi, orofa ya chini kabisa, ambako hakuna dirisha wala joto la maana.

Nimeombwa niandike kuhusu kazi. Nadhani mhariri alitarajia nieleze jinsi ya kupata nafasi kwenye makampuni ya uhandisi, lakini hayo mtayapata bure kwenye ofisi ya ajira ya chuo. Mimi nataka kuzungumzia kazi ya dada yangu. Anafundisha muziki katika shule ya sekondari huko nyumbani, Pwani ya Kenya, na mwaka huu kazi yake imeingia mpaka mfukoni mwangu. Kitinda mimba wetu alimaliza kidato cha nne mwaka 2025, akapata B, na sasa anasema anataka kusomea ualimu wa muziki kama dada. Baba anataka asomee umeme. Kwa kuwa karo itakayobaki kwa familia itatoka kwangu, nimepewa jukumu la kumgeuza kijana nia. "Wewe ndiye injinia," baba ananiambia, "wewe atakusikia."

Najua wengi wenu mnaijua simu ya namna hiyo. Ukishapanda ndege tu, unageuka wizara ya fedha na wizara ya elimu kwa pamoja. Basi kabla sijajibu, nilikaa nikaipitia miaka ya dada mmoja mmoja, maana huko ndiko kuna ushahidi. Maoni ya baba nayaheshimu, lakini baba hajawahi kukaa darasani mwa dada.

Dada alipoingia Chuo Kikuu cha Kenyatta, watu mtaani walidhani ameenda kujifunza kupiga gitaa la harusini. Kumbe ile ilikuwa digrii ya ualimu, na mwalimu wa sekondari Kenya husomea masomo mawili ya kufundisha. Ya dada ni Muziki na Kiswahili. Anayetaka kujua kazi hii inaanza vipi na aanzie kwenye lile somo la pili. Alihitimu mwaka 2012, akasajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, akaanza kusambaza barua shuleni. Shule zenye Muziki kwenye ratiba zilikuwa za kuhesabu. Iliyomwita ilimwita kwa sababu ya Kiswahili. Prinsipali alimwambia waziwazi: somo la Muziki hatuna, lakini kwaya tunayo, na kwaya ni baada ya saa kumi jioni. Akakubali. Miaka mitatu alilipwa na bodi ya shule, mshahara wa kununua unga na nauli, kisha akapata ajira ya kudumu papo hapo. Muda wote huo alikuwa mwalimu wa Kiswahili kwenye karatasi, na wa muziki jua likitua.

Kwa nini shule zenye somo hili ni chache? Sisi tuliosoma 8-4-4 tunakumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya KCPE yalipunguzwa yakabaki matano, na Muziki haukuwamo. Kisichotahiniwa, sote tunajua kinavyofanywa: kipindi kiko kwenye ratiba ukutani, ila mwalimu anaingia na Hisabati. Mtoto anafika sekondari hajui kusoma hata nota moja. Ukifika wakati wa kuchagua masomo, anaona Biashara, anaona Kilimo, anaona Muziki, ambao haujui kabisa na una mtihani wa kuimba na kupiga ala mbele ya mtahini. Anachagua Kilimo. Prinsipali akihesabu anakuta wanafunzi sita wa Muziki, anafuta somo. Halafu mwaka unaofuata tunaambiwa watoto hawapendi muziki!

Kinachoficha tatizo hili ni tamasha. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927 na shule nyingi hazina habari ya muziki mwingine zaidi ya huo. Linapanda ngazi kwa ngazi mpaka la kitaifa mwezi wa Agosti. Nani asiyependa? Kuna basi, kuna sare, kuna kikombe cha kuweka ofisini kwa prinsipali. Dada alikuwa hodari kweli kwa mambo hayo. Shule yake ya kwanza ilifika ngazi ya taifa mara mbili, na kila mzazi alimjua kwa jina. Mwaka 2018 akahamishiwa shule nyingine. Alipopita kusalimia mwaka uliofuata, akakuta kayamba na ngoma zimerundikwa stoo pamoja na madawati mabovu, kwaya imekufa. Msimu ulipokaribia, shule ilikodi mtu kutoka nje afundishe nyimbo mbili kwa wiki tano, basi. Wale watoto walikuwa wameimba sauti nne kama malaika, lakini walikuwa wamekariri. Aliyekuwa akijua muziki pale shuleni alikuwa dada peke yake, na ameondoka nao.

Aliniambia siku ile alirudi nyumbani akataka kuacha. Si kwa hasira, ila aliona amejenga nyumba ya mchanga kwa miaka sita. Mimi nilikuwa bado nyumbani, nafanya kazi ya mkataba, nikamshauri afanye kozi ya mambo ya kompyuta. (Mainjinia ndivyo tulivyo, dawa yetu ni moja.) Hakunisikiliza, nashukuru.

Kule shule mpya alianza kinyumenyume. Alienda kwa prinsipali na biashara mkononi: nipe madarasa ya Kiswahili yanayokimbiwa na wenzangu, nami nipe kipindi kimoja tu kwa wiki kwa kila mkondo wa kidato cha kwanza. Dakika arobaini. Hakugusa tamasha mwaka mzima, na stafurumu ilimnuna. Katika dakika hizo alifundisha solfa: do, re, mi zimeandikwa ubaoni kwa herufi, nukta mbili za kutenganisha mapigo, mkono ukionyesha sauti inapanda au inashuka. Haihitaji kinanda. Haihitaji hata umeme, samahani baba. Inahitaji chaki na mwalimu anayeingia darasani kila wiki bila kukosa.

Hiyo solfa ina safari ndefu, na nimeijua nikiwa huku. Mizizi yake ni Norwich, hapa Uingereza, kwa mwalimu mmoja wa karne ya 19 aliyeitwa Sarah Glover, aliyetaka watoto wa kawaida waweze kusoma wimbo. John Curwen akaichukua na kuiboresha, wamisionari wakaisambaza Afrika. Mwaka jana kwaya yetu ya jumuiya ilialikwa kuimba kwenye shule moja ya mji huu. Mwalimu wa muziki wa pale, mama mchangamfu, aliona karatasi zetu zimejaa herufi tupu akashangaa sana, akauliza kama ni maandishi ya kwetu. Nilimwambia ni ya kwenu, mmeyasahau tu. Tulicheka. Halafu akaanza kunieleza shida zake: wanafunzi wanaochagua somo lake wamepungua, mkuu wa shule anahesabu vichwa, na yeye anagawanya wiki kwenye shule tatu. Nilihisi namsikiliza dada kwa lafudhi nyingine. Tofauti ni kwamba yeye ana piano.

Nirudi kwa dada. Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa Korona, tamasha halikufanyika, na walimu wengi wa kwaya walibaki hawana la kufanya. Shule zilipofunguliwa, wale wanafunzi wake wa solfa walikuwa wanakumbuka. Kisha mwaka 2022 akaenda likizo ya uzazi. Aliacha nyimbo mbili zimeandikwa kwenye karatasi za manila. Aliporudi alikuta kwaya imezijifunza yenyewe, msichana wa kidato cha tatu anaongoza, sauti ya tatu imekosewa sehemu mbili tu. Hakuna kikombe kilichotolewa siku hiyo, lakini mimi naona hapo ndipo dada alipokuwa mwalimu wa muziki. Na darasa lake la kuchagua lilianza na wanafunzi saba, likafika ishirini na mbili. Ishirini na mbili prinsipali hawezi kufuta.

Kuhusu pesa, maana najua mnasubiri. Baba hupenda kusema muziki haulipi. Muziki wa shule unalipa sawasawa na Jiografia, mshahara ni wa daraja lako, si wa somo. Saa za jioni na Jumamosi za mazoezi hazina malipo, na hizo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Dada huongezea kwa kufundisha kwaya ya kanisa na harusi mbili tatu mwezi wa Desemba. Linalomtisha zaidi ya pesa ni koo. Kufundisha Kiswahili asubuhi kwa wanafunzi hamsini na kuimba jioni kumewamaliza wenzake kadhaa. Yeye hapigi kelele hata kidogo: anapiga makofi, darasa linajibu kwa makofi, kimya kinaingia. Chupa ya maji haimtoki mkononi.

Mdogo wangu ana hoja yake, na si ya kitoto. Anasema mambo yamebadilika. Mtaala wa umilisi umefika gredi ya 10 mwaka huu wa 2026, na moja ya njia tatu za sekondari ya juu ni Sanaa na Michezo. Kwa hiyo walimu watatakiwa. Ni kweli, lakini njia kuwepo kwenye karatasi si sawa na shule kuwa na mwalimu, na sekondari ya chini muziki umeunganishwa na uchoraji na michezo katika somo moja. Rafiki wa dada, mtu wa piano tangu utotoni, sasa anafundisha pia mpira wa wavu. Anasema anajifunza sheria zake usiku.

Basi nimemjibu baba kwamba nitalipa. Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani salio limekwisha. Nilimkumbusha kwamba hata wimbo wetu wa taifa wa mwaka 1963, uliotokana na wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo, majirani zetu wa Tana, ulitengenezwa na jopo lenye walimu kama George Senoga-Zake, na Washington Omondi aliyekuja kufundisha muziki Kenyatta. Akasema hao ni watu wa zamani. Sawa.

Ila kijana naye nimempa sharti: kabla ya chuo kufunguliwa, akae na dada muhula mzima, na afundishe. Asiimbe, afundishe. Sasa anaenda mara mbili kwa wiki shule ya msingi iliyo jirani. Darasa lina watoto arobaini na sita na filimbi za plastiki kumi na moja, kwa hiyo wanapokezana na kuzisuuza kwenye ndoo. Wiki ya kwanza aliniandikia kwamba ni furaha tupu. Wiki ya tatu akaandika kwamba kuna watoto wawili hawatofautishi sauti ya juu na ya chini, amejaribu kila njia, na je, dada hufanyaje? Hilo swali lilinipa moyo kuliko ile B yake.

Kilichobaki ni somo la pili. Yeye anataka Dini, mimi nasukuma Hisabati, dada anasema Kiswahili kilimlisha. Tuna mpaka mwisho wa mwezi kuamua. Baba bado anasema umeme, lakini juzi aliuliza kinanda kilichotumika kinauzwa bei gani huku, na kama kinaweza kuingia kwenye begi langu la Desemba.