Kosa Halikuwa la Diski

Kazi ya ualimu humjengea mtu tabia moja mbaya: jibu lisipotoka, huamini upesi kwamba aliyeulizwa hajui. Nilistaafu nikiwa na tabia hiyo, na aliyenikosoa uzeeni ni diski moja ya DVD.

Diski hiyo ilirekodiwa mwaka 2009, siku marehemu mke wangu, naye mwalimu, alipoagwa kazini. Alifariki mwaka 2019. Hotuba yake fupi ya siku ile ndiyo sauti yake pekee tuliyobaki nayo. Deki yetu ilipokufa, nilimwomba mjukuu wangu aitie diski kwenye kompyuta. Ilizunguka, ikanguruma, kisha kompyuta ikaandika kwamba haiwezi kuifungua.

"Basi, imeharibika," nilisema.

"Subiri kwanza, Babu."

Akanieleza kwamba Windows, tangu toleo la 8 la mwaka 2012, haiji tena na uwezo wa kucheza filamu za DVD. Picha za DVD hubanwa kwa utaratibu uitwao MPEG-2, na mashine isiyo na kifumbuzi chake ni kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua. Akaweka VLC, programu ya bure iliyotokana na mradi wa wanafunzi wa Ufaransa ulioanza mwaka 1996. Mara ukumbi wa shule ukatokea, na viti vyake vya mbao.

Tuliamua kuinakili kabla haijatuacha. Ndani yake mlikuwa na folda iitwayo VIDEO_TS, yenye mafaili ya VOB, kila moja likiwa halizidi gigabaiti 1. Mawili ya kwanza yalinakilika. La tatu, lenye hotuba, likakwama. Tuliipangusa diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa maana kupangusa kwa kuzungusha huweza kuacha mkwaruzo unaofuata njia ya data. Likakwama tena. Tukaazima kwa jirani kisomeo cha nje, nacho kikalisoma mpaka mwisho. Visomeo, kama wanafunzi, havilingani macho.

Kwa furaha nikaomba faili hilo liingizwe kwenye simu ya mwanangu. Picha ikaja, sauti haikuja. Mke wangu alisimama mbele yetu, midomo ikitembea, kimya kabisa. Nilitoka nje.

Mjukuu alinifuata uani kunieleza: sauti ya diski ilikuwa ya aina ya AC-3, ambayo simu ile haikuifahamu. Akatumia HandBrake, programu nyingine ya bure, kugeuza picha kuwa H.264 na sauti kuwa AAC, zote ndani ya faili moja la MP4. Kompyuta yetu ni ya zamani. Kazi ilichukua zaidi ya saa moja. Nilikaa karibu nayo kama mtu anayengoja nje ya wodi.

Katika kungoja huko nilimkumbuka mtoto mmoja wa darasa la kwanza, mwaka 1976. Kila nilipomuuliza alinitazama, midomo ikatikisika, asitoe neno. Niliandika kwenye kitabu changu kwamba ni mzito, na nilimchapa zaidi ya mara moja. Mke wangu alimwita siku moja chini ya mwembe, akamuuliza hesabu zile zile kwa lugha ya nyumbani kwao. Alizijibu zote. Mtoto hakuwa mtupu. Hakuwa amejua Kiswahili bado, nami sikujua lugha yake. Mke wangu hakunisema. Alinirudishia daftari la mtoto lenye vema kumi.

Sikuwahi kumwomba mtoto yule radhi. Alihama na wazazi wake mwaka uliofuata.

Faili lilipokamilika tulilifungua kwenye simu. Mke wangu alikohoa kidogo, akasema, "Wanangu, shikamooni kwa kazi," akacheka kwa kuwasalimu wadogo zake shikamoo. Hotuba yenyewe haikufika dakika nne. Tuliisikiliza mara tatu, kisha mjukuu akaweka nakala moja kwenye flashi na nyingine kwenye kompyuta ya mwanangu, maana nakala moja ni sawa na kutokuwa nayo.

Diski nimeitunza. Nikiiona kabatini hukumbuka jinsi nilivyokuwa mwepesi kusema imeharibika.