Msasa Hauongezi Kitu

Baba yangu alikuwa seremala wa Handeni, na katika karakana yake nyuma ya nyumba yetu, pale Chanika, msasa haukuwa karatasi. Ulikuwa jani. Upo mti uitwao msasa, jamaa ya mkuyu, ambao majani yake yana ukakasi kama ulimi wa ng'ombe. Mafundi wa zamani waliyachuma wakasugulia mbao hata zikawa laini, na karatasi ya dukani ilipokuja ikarithi jina la mti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maduka yalipokuwa matupu, baba aliirudia miti, na mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kuchuma majani.

Alinifundisha kufuata nyuzi za mbao, kutokaza mkono pembeni, na kuacha mapema kuliko moyo unavyotaka. Kisha alikuwa na neno lake: "Mwanangu, msasa hauongezi kitu. Unapunguza. Na ulichokwisha kukipunguza hukirudishi." Nilikuwa nikimwitikia "Ndiyo, baba," kama watoto wanavyoitikia jambo ambalo halijawauma. Ilinichukua miaka zaidi ya 20, na gari lake mwenyewe, kulielewa neno hilo.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu, Peugeot 504, rangi ya buluu ya mbingu. Alilinunua mwaka 1986, likiwa limetumika, kutoka shamba moja la mkonge upande wa Korogwe. Siku hizo gari la mizigo lilipaswa kuandikwa mlangoni jina la mwenyewe, sanduku lake la posta na uzito wa gari likiwa tupu. Wengine walimlipa mchoraji. Baba aliandika mwenyewe, kwa rangi nyeupe na brashi ileile aliyokuwa akiandikia vibao vya maduka. Herufi zake zilisimama wima kama askari. Watoto wengi wa mtaa wetu walijifunza kusoma herufi kubwa kwenye mlango ule kabla hawajaanza shule.

Baba alifariki mwaka 1999. Pikapu ikakaa chini ya mwarobaini, ikitoka mara mojamoja. Mwaka 2004 paa la nyumba ya mama lilikuwa limechoka, mvua ikinyesha ndoo zinapangwa hadi kitandani. Tukakaa kikao cha familia, tukakubaliana kuuza gari ili tununue bati kabla ya masika. Mnunuzi akapatikana Korogwe, mfanyabiashara wa mazao pale Manundu. Alikuja Handeni, akalizunguka gari likiwa na vumbi lake, akawasha injini akaisikiliza, tukapatana shilingi 1,800,000. Ningelipeleka Jumamosi, anilipe palepale.

Mimi ni mwalimu, na wakati ule nilikuwa likizo. Jumatano asubuhi nikalitazama gari, nikaona aibu kulipeleka vile lilivyo. Rangi ilikuwa imepauka, ukipitisha kidole kinatoka na unga kama wa chaki. Na nisifiche, msomaji: ilikuwepo pia tamaa. Nilijiambia kwamba gari likimetameta, huenda yule bwana akaongeza kidogo.

Anayeijua Handeni anaijua shida yake ya maji. Mradi wetu mkubwa wa bomba, HTM, unayavuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, na mwaka ule siku za bomba kukauka hazikuwa ngeni kwetu. Maji nilinunua kwa ndoo. Nikatumia ndoo mbili kwa gari zima, yaani sikuliosha, nililipangusa. Vumbi jekundu likatoka juu juu, na chembe za mchanga zikabaki, nyingine kwenye bodi na nyingine kwenye kitambaa changu. Nikafungua kopo la kompaundi nililonunua duka la vipuri, nikachukua kipande cha blanketi, nikaanza kusugua boneti. Ilikuwa yapata saa nne, na jua la Handeni halihitaji kuelezwa.

Kitambaa kikawa buluu. Nikafurahi, nikidhani ni uchafu wa miaka unatoka. Kumbe uchafu hauna rangi ya gari. Ile ilikuwa rangi yenyewe ikihamia kwenye blanketi langu. Lakini chini yake boneti ilianza kuonyesha uso wangu, na majirani waliokuwa wakipita wakasema, "Mwalimu, gari limekuwa jipya!" Hakuna kitu kinachokaza mkono wa mtu kama sifa za wapita njia. Nikaongeza kompaundi, nikaongeza nguvu.

Saa nane hivi nikaona mstari wa kijivu kwenye ukingo wa boneti, pale bati linapokunja. Nilidhani ni kompaundi iliyokauka. Nikasugua uondoke, ukapanuka. Nikasugua pembeni yake ili ulingane na sehemu nyingine, ukapanuka zaidi. Ilikuwa praima. Nilikuwa nimeimaliza rangi mahali pale. Jua lilipoinama nikaona jambo la pili: boneti nzima ilikuwa na mikwaruzo ya duara, mingi kama nyuzi za buibui. Ule mchanga sikuuondoa. Niliusugulia.

Mwenye akili angeacha hapo. Mimi nikahamia mlangoni.

Nilijiambia kwamba maandishi ya baba yamekuwa manjano, nitayapitia kidogo tu yang'ae. Mikono mitatu minne, tarakimu za sanduku la posta zikafutika. Nikashtuka nikainua kitambaa, na nusu ya jina ilikuwa imekwenda. Rangi aliyoipaka baba kwa brashi ilikuwa nyembamba na nzee, nayo ilikaa juu kabisa, ikawa ya kwanza kuliwa. Hadi hapo ningeweza kusema ni ajali. Lakini nilisimama pale nikafikiri: jina nusu litaonekana vibaya kwa mnunuzi. Nikalisugua lililobaki mpaka mlango ukawa mtupu. Hilo siwezi kulisingizia kompaundi.

Jioni mama alitoka ndani. Mama alijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, na alikuwa na desturi, kila akipita karibu na pikapu, kuugusa mlango. Akaupitisha mkono. Akaupitisha tena.

"Jina la baba yako umeliweka wapi?"

Nikamwambia, "Mama, gari si tunaliuza? Mnunuzi atakuja kulifuta tu aandike lake."

"Najua tunaliuza," akasema. "Angelifuta yeye. Si wewe."

Hakuongeza neno. Akaingia ndani kuandaa chakula, na tulikula kimya.

Jumamosi nikaendesha kwenda Korogwe. Barabara ile ya kilomita 65 siku hizi ni lami. Wakati ule ilikuwa vumbi mwanzo hata mwisho, na nilipofika Manundu mng'aro wangu wote ulikuwa umefunikwa, isipokuwa ile aibu. Mnunuzi alipangusa boneti kwa kiganja, akauona ukingo wa kijivu, akanyamaza. Akazunguka mpaka mlangoni.

"Mwalimu, hili gari limegongwa?"

"Halijagongwa. Nililing'arisha tu."

"Nilipolikuta kwenu lilikuwa chakavu na nililiamini. Sasa linang'aa, nalitilia shaka. Wewe nakuamini, lakini nitakayemuuzia mimi kesho hatakuwa na wewe wa kumweleza."

Akatoa 1,500,000. Nikapokea. Shilingi 300,000 ziliondoka kwa siku moja ya kazi ambayo hakuna aliyenituma. Vyumba vya mama vikapata bati, jiko halikupata.

Nikiwa nasubiri basi la kurudi, nilijikokota hadi kwa fundi rangi mmoja karibu na stendi, nikamsimulia. Alicheka kwanza, halafu akanieleza kwa upole mambo ambayo baadaye niliyasoma na kuyaona kuwa ya kweli. Nayaandika hapa ili mwingine asiyanunue kwa bei niliyonunulia mimi.

Rangi ya gari lililotoka kiwandani, ukijumlisha praima na yote yaliyo juu yake, kwa kawaida ina unene wa kama sehemu 100 hadi 150 za maelfu ya milimita. Unywele mmoja wa kichwa chako una kama 70. Basi kati ya mkono wako na bati pana unene wa nywele mbili, na praima imo humohumo. Hiyo ndiyo akiba yote. Kompaundi ni msasa uliosagwa ukawa lahamu. Haijazi mkwaruzo, bali huushusha uso wote wa rangi hadi kwenye kina cha mkwaruzo. Mkwaruzo mwepesi huisha. Ule unaonasa ukucha ukiupitishia kidole umekwenda chini mno, na anayeufuata ataifikia praima kabla ya kuumaliza.

Kwenye kingo na mikunjo hatari huzidi. Rangi ikiwa mbichi hujivuta kuukimbia ukingo, hivyo hapo huwa nyembamba kuliko kwingine. Na hapohapo ndipo uzito wote wa mkono unapoangukia sehemu ndogo. Baba alikwisha kuniambia: usikaze mkono pembeni. Alisema juu ya mninga, kumbe na bati ni hivyohivyo.

Magari ya zamani kama lile la baba, yenye rangi ya kawaida isiyo ya kumetameta, mara nyingi yalipakwa rangi ya aina moja tu, nayo ndiyo hutoka kwenye kitambaa. Mengi ya sasa, yakiwemo haya yaliyotumika Japani ambayo yamejaa kwetu, yana rangi chini, na juu yake tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo ndilo linalobeba mng'aro na kuzuia jua. Huo ni mtego mwingine, maana hilo likiliwa kitambaa hakikuonyi, hubaki cheupe. Gari hung'aa siku ya kwanza, na baada ya muda paa na boneti huanza kubabuka magamba. Hapo hakuna polishi ya kurudisha, ni kupuliza rangi upya.

Sisemi mtu asiguse gari lake. Aoshe kwanza kwa maji mengi na sabuni laini, akianza juu kushuka chini. Kama maji ni ya ndoo mbili, heri aliache gari na vumbi lake kuliko kulipangusa kavu. Afanye kazi kivulini, bodi ikiwa ya baridi. Ajaribu mahali padogo pasipoonekana, aanze na dawa iliyo laini kuliko zote, na kila baada ya muda mfupi afute atazame. Kingo na maandishi azifunike kwa utepe wa karatasi. Dawa ya meno, sabuni ya unga ya kusugulia masufuria na dawa ya kung'arishia shaba vyote vina chembe za kusugua, na hakuna kati ya hivyo kilichotengenezwa kwa ajili ya rangi ya gari. Mafuta ya taa huleta mng'aro wa saa chache, kisha hukamata vumbi. Nta ni habari nyingine, hiyo hukaa juu kulinda, haili. Ikitosha nta, kompaundi ibaki kwenye kopo.

Mwaka jana nilipita Korogwe kwenye kijiwe cha kuosha magari. Kijana alikuwa amefunga sponji kwenye grenda ya kukatia chuma, anang'arisha gari la mteja. Mashine ya kung'arishia magari huzunguka kama mara 600 hadi 3,000 kwa dakika. Grenda ndogo hufika 11,000. Ilikuwa ikipita kwenye ukingo wa boneti, na mwenye gari alikuwa amesimama anatabasamu, wapita njia wakimwambia gari limekuwa jipya. Nilimwomba kijana asimame kidogo. "Mzee, usiwe na wasiwasi, hii kazi tumeizoea," akanijibu. Nilimwonyesha ukingo. Sijui kama alinisikia, lakini alizima mashine akausugua ukingo ule kwa mkono, na hilo lilinitosha kwa siku ile.

Katika kazi yangu ya ualimu nimehudhuria semina nyingi za "kupigwa msasa". Kila ninapolisikia neno hilo humkumbuka baba na majani yake. Watu hulitumia kana kwamba msasa ni kitu cha kuongezewa. Aliyewahi kuushika anajua kwamba kila ulaini anaouona umetokana na kitu kilichokwisha kuanguka chini, na kabla ya kusugua yafaa ajiulize ni nini hasa anachokiondoa, na ni cha nani.

Jiko la mama nililiezeka mwaka 2007, kwa mshahara wangu mwenyewe, baada ya masika matatu ya kupikia chini ya bati zilizotoboka. Alishukuru, akaniombea dua. Lile deni la shilingi 300,000 nilikuwa nimelimaliza. Deni la mlangoni hakulitaja tena hadi alipofariki, nami sikupata njia ya kulilipa.