Themostati Ina Kosa Gani?

Lori linachemsha? Toa themostati. Limechemsha tena? Themostati si ulishatoa, basi ongeza maji twende. Ushauri huu umezaliwa kwenye magereji ya nyumbani, ukavuka bahari kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na sasa unatumika kutibu madizeli ya zamani ya Waafrika Mashariki walioko Texas na Ohio, wale walionunua Dodge ya miaka ya tisini yenye injini ya Cummins ili wavute trela za mizigo. Unaniudhi kwa sababu unatolewa kwa uhakika wa daktari bingwa kabla mgonjwa hajaguswa. Na hapa mtu asiniambie kwamba magari ya huku Marekani na ya nyumbani hayafanani. Cummins ya lita 5.9 yenye valvu 12, iliyofungwa kwenye Dodge kuanzia 1989 hadi 1998, ni ya ukoo uleule wa 6BT iliyotengenezwa Jamshedpur, India, na kufungwa kwenye malori ya Tata yanayobeba saruji na kokoto kwetu. Chuma ni kilekile. Kinachotofautiana ni mkono unaokishika.

Themostati ya injini hiyo huanza kufunguka kwenye nyuzi 83 hivi. Kabla ya hapo, maji huzunguka ndani ya injini kupitia kijia cha pembeni bila kwenda kwenye rejeta, ili chuma kipate joto upesi. Ikifunguka, inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inafungua njia ya rejeta na inaziba kile kijia cha pembeni. Kazi hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika. Ukiitoa, njia ya rejeta inabaki wazi, sawa, lakini kijia cha pembeni nacho kinabaki wazi daima, na maji hufuata njia nyepesi. Sehemu kubwa ya maji ya moto inarudi kwenye pampu bila kuonja hewa ya rejeta hata kidogo. Lori tupu kwenye tambarare halitaonyesha tatizo, na fundi atasifiwa. Lipakie tani zake, lipandishe mlima Kitonga, ndipo utakapoona. Vitabu vya Cummins wenyewe vinakataza kuendesha injini hii bila themostati kwa sababu hiyohiyo, kwamba inaweza kuchemsha. Kwa hiyo dawa yetu maarufu, kwa injini za namna hii, inaongeza ugonjwa pale hasa tulipoihitaji. Ni kung'oa mlango wa nyumba kwa sababu kitasa kimekwama, halafu kushangaa mbuzi wameingia.

Jibu la haraka la nyumbani ni kwamba themostati ni ya nchi za baridi. Hoja hii ina sura ya akili mpaka uipige hesabu. Dar es Salaam ikiwa na nyuzi 32, injini bado inahitaji kupanda zaidi ya nyuzi 50 ndipo ifike mahali ilipoundwa kufanyia kazi. Dizeli isiyopata joto lake haichomi mafuta vizuri, inatoa moshi mweupe, mafuta yasiyoungua yanateremka kwenye kuta za silinda na kuharibu oili. Na kama hoja ni joto la nje, Phoenix huko Arizona hupita nyuzi 43 wakati wa kiangazi mara nyingi tu, na Muscat nayo haiko mbali, lakini magari ya huko yanatoka kiwandani na themostati na yanazeeka nayo. Sizungumzii Makete na Njombe, ambako mwezi wa saba dereva anavaa koti la kijeshi na bado anaambiwa nchi yake ni ya joto.

Ila nikiri pia kwamba watetezi wa themostati wana hoja yao mbovu, na huku Marekani imeenea kama kule. Wanasema bila themostati maji hupita kwenye rejeta mbio mno hata hayapati muda wa kupoa. Si kweli. Maji yakizunguka haraka zaidi, rejeta hutoa joto zaidi, si pungufu. Kosa ni maji kuikwepa rejeta, wala si kuipita haraka. Hili si ubishi wa kijiweni, kwa sababu anayeamini hadithi ya mbio ataanza kubana bomba ili maji yapungue kasi, na hapo ataua injini kwa elimu.

Kwa nini basi huku themostati inaheshimiwa? Wengi wetu tukishakaa ughaibuni tunajibu kwamba wenzetu wana nidhamu. Mimi naona ni baridi tu. Mtu wa Minnesota akiitoa themostati mwezi wa kwanza, hita yake haitatoa joto na kioo cha mbele kitaganda barafu kwa ndani kabla hajatoka mtaani kwake. Huko watu huchomeka injini kwenye umeme usiku kucha ili iwake asubuhi, na wanafunika grili kwa turubai ili upepo usiipoze kupita kiasi. Adhabu ya kosa inakuja siku hiyohiyo, kwa hiyo somo linaeleweka. Kwetu adhabu inachelewa. Oili inachafuka taratibu, pistoni zinalika taratibu, na injini ikifa mapema inasingiziwa dizeli chafu, dereva mzembe, au jirani mwenye kijicho. Themostati iliyotolewa zamani haikumbukwi na mtu.

Hasara kubwa zaidi ya ushauri ule ni kwamba unaziba swali la kwanza ambalo fundi yeyote mzuri, wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa Columbus, Ohio, huuliza: linachemsha lini? Likichemsha limesimama kwenye foleni au mzani na kupoa likikimbia, tatizo ni hewa. Angalia feni. Dizeli nyingi za zamani zina klachi ya feni yenye mafuta mazito ndani, na hayo yakivuja feni huzunguka kivivu. Injini ikiwa moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Ikiserereka bila ukinzani wowote, imekwisha. Angalia pia kava linaloizunguka feni, lile ambalo nyumbani hutolewa siku ya kwanza ya matengenezo na kugeuka beseni la kuku. Bila kava, feni inavuta hewa kwenye kipande tu cha rejeta. Likichemsha mlimani au kwa mwendo mkubwa na kutulia likisimama, tatizo ni rejeta iliyoziba, kwa ndani au kwa nje. Kwa nje kwetu ni tope na majani. Huku katikati ya Marekani kuna miti ambayo mwanzoni mwa kiangazi humwaga mbegu zenye manyoya kama sufi, zikajipanga kati ya kondensa ya AC na rejeta kama godoro, na ukitazama kwa mbele huoni kitu. Bomba la chini likijibana injini ikipandishwa mlio, ujue pampu inavuta na maji hayaji. Na mabomba yakiwa magumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha injini ya baridi, huku mapovu yakipanda mdomoni mwa rejeta, acha kutafuta mbali: gesi ya silinda inaingia kwenye maji, gasketi ya hedi imekwenda au hedi imepasuka. Hakuna themostati ya kutoa hapo.

Kuna na mshale wa joto, ambao unaaminiwa kuliko unavyostahili. Sensa yake husoma joto la maji yanayoigusa. Maji yakishuka chini yake, sensa inabaki kwenye mvuke au hewa tupu, na mshale unaweza kushuka wakati chuma kinaiva. Dereva anayesema "ilikuwa imepoa halafu ikazima ghafla" hasemi uongo.

Halafu kuna kifuniko cha rejeta. Mfumo huu ni wa presha. Kifuniko cha paundi 15 kikifanya kazi yake, maji ya kawaida usawa wa bahari hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Kifuniko kikilegea, au kikibadilishwa kwa kitambaa na waya, yanachemka kwa joto la sufuria ya jikoni, na jikoni kwenyewe hutegemea uko wapi. Mbeya na Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Timboroa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, ni takriban 91. Injini nzima, isiyo na kasoro, inayofanya kazi kwenye nyuzi 92 ikiwa na mzigo, itachemsha Timboroa kwa sababu ya raba moja iliyokauka. Kifuniko ndicho kipuri cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huu, na ndicho cha mwisho kushukiwa.

Wapo watakaosema kulanti ni anasa ya Wazungu, maji ya kisima yanatosha. Wana nusu ya ukweli: maji matupu hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Lakini maji ya kisima yana chumvi, na chumvi hujenga ukoko ndani ya injini ambao hakuna feni itakayoushinda. Kulanti pia ina dawa za kuzuia kutu. Kwenye baadhi ya dizeli, Ford za lita 7.3 za zamani zikiwa mfano unaojulikana sana, mtetemo wa ukuta wa silinda hufanya viputo vinavyopasuka na kutoboa chuma kidogo kidogo mpaka maji yaingie ndani. Wenye magari hayo hupima dawa ya kulanti kwa vijikaratasi vinavyobadilika rangi. Asiyeweza kununua kulanti leo atafute angalau maji ya mvua. Na maji ya baridi yasimiminwe kwenye injini inayotokota, hedi itapasuka bila kuuliza bei.

Lakini msidhani nasifia kila cha huku. Kazi ya fundi Marekani ni ghali kiasi kwamba wengi hawachunguzi tena, wanabadilisha: themostati, kisha pampu, kisha rejeta, mpaka gari lipone kwa bahati. Rejeta yenye matangi ya plastiki ikipasuka inatupwa. Kwetu rejeta ya shaba inafunguliwa matangi, mirija inapitishwa fito mmoja mmoja, inafungwa kwa risasi, inapimwa kwa upepo kwenye pipa la maji, na inarudi kazini. Ufundi huo huku unakaribia kutoweka. Kwa hiyo mikono tunayo. Hata anayeogopa spea feki ana jibu jikoni: tumbukiza themostati mpya kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, chemsha, tazama inafunguka kwenye namba iliyochapwa juu yake au la. Hata Timboroa maji yanafika 83.

Inabaki hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Themostati iliyoganda imefungwa, lori limejaa nyanya, saa tisa mchana, chini ya Kitonga: dereva aitoe, apande polepole, afike Iringa. Sina ubishi. Swali ni kwa nini akishafika Iringa hairudishwi mpya, na jibu halipo kwa fundi. Lipo kwa mwenye lori anayelipa kwa safari na asiyelipa kwa siku ya kusimama. Wengi wa wenye malori hayo tuko huku ughaibuni, tunatuma nusu ya pesa ya spea, tunataka lori liwe barabarani kesho asubuhi, halafu tunaandika kwenye kundi kwamba mafundi wa nyumbani hawana akili.