Mbuzi Watatu wa Koko

Mwaka 2005 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika uwanda wa Ruzizi, Kivu Kusini. Kama walimu wengi wa huko, niliishi kwa primu, yaani pesa wanazochanga wazazi ili mwalimu asiukimbie ubao. Kwa hiyo niliposikia kwamba kituo cha kupokea wapiganaji kinatafuta karani anayejua Kifaransa, Kiswahili na Kifuliiru, sikuomba siku ya kufikiri. Nilipewa meza ya mbao chini ya shitingi, yaani turubai la plastiki, kalamu mbili na daftari kubwa.

Vita vilivyoanza 1998 vilikuwa vimekwisha kwenye karatasi. Mkataba ulitiwa sahihi Pretoria Desemba 2002, ukakamilishwa Sun City Aprili 2003, na Kinshasa ikapata rais mmoja na makamu wanne. Huku kwetu bunduki zilikuwa bado mlimani, mikononi mwa wanamgambo wa Mai-Mai na wengineo. Jirani zetu walikuwa wamekuja kupigania vita vyao kwenye ardhi yetu, na wapiganaji wa nchi moja walilala katika msitu wa nchi nyingine, kwa hiyo hata dawa ilibidi itafutwe kwa pamoja. Tangu 2002 Benki ya Dunia na wafadhili wengine walikuwa wakigharimia programu ya kikanda ya nchi saba: Angola, Burundi, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Kongo zote mbili, Rwanda na Uganda. Hadi inafungwa mwaka 2009, karibu wapiganaji 300,000 walikuwa wamepita humo. Wachache kati yao walipita mbele ya meza yangu.

Swali la kwanza lilikuwa fupi: jeshi au uraia? Aliyechagua jeshi alipelekwa kwenye brasaji, akachanganywe na maadui zake wa jana wawe kikosi kimoja. Aliyechagua uraia alipigwa picha, akapewa kadi, dola 110 za kuondokea, na ahadi ya dola 25 kila mwezi kwa miezi 12. Baadaye angesaidiwa kuanza kazi: kushona, kuvua, kuchonga mbao au kufuga.

Kijana ninayemkumbuka kuliko wote alifika asubuhi ya mvua. Aliweka bunduki mezani, magazini mbili, kisha akarudi nyuma hatua moja. Nilimpa mkono, hakuupokea. Shingoni alining'iniza kichupa cha plastiki chenye maji. Jina la Mai-Mai linatokana na maji hayo ya kujikinga na risasi. Watanzania wanaokumbuka vita vya Maji Maji vya 1905 wataelewa bila kuelezwa.

"Na hicho kiweke hapa," nikamwambia.

"Hapana, Mwalimu. Bunduki ni ya vita. Haya maji ni ya mzee aliyenipa. Na mimi siguswi na mtu ambaye hajanyunyiziwa."

Nilitazama daftari langu. Lilikuwa na safu ya namba ya bunduki, safu ya cheo, safu ya kijiji. Ya maji haikuwapo. Nikamwacha nacho. Siku ya sita, kabla ya kupewa kadi, nilimwona akienda nyuma ya jiko, akamwaga maji yale kwenye shina la mwembe, akasimama pale kitambo. Alipokuja mezani alinipa mkono mwenyewe. Hakuna ripoti iliyoandika habari hiyo, lakini mimi nahesabu kwamba aliacha vita siku ile.

Nyuma yake alisimama binti mwenye mtoto mgongoni. "Ni bibi yangu," akasema, na kwa Kiswahili cha kwetu bibi ni mke. Binti huyo alikuwa ametembea msituni miaka mitatu, akibeba risasi kichwani na kupika. Hakuwa na bunduki ya kukabidhi. Nilimwandika chini ya jina la mume, kwenye mstari wa wategemezi. Hakupata kadi wala senti. Wasichana wa namna yake walikuwa wengi, na mkono uliowaandika hivyo ulikuwa wangu.

Kijiji chao kilikuwa jirani na chetu, nikaona niwasindikize. Lori lilitushusha barabarani Jumamosi mchana. Koko, bibi kizee ambaye kijiji kizima kilimwita hivyo, alikuwa kibarazani akimenya maharage. Kijana akapiga goti, akamwonyesha kadi. Koko hakujua kusoma.

"Mwalimu, hii karatasi inasema nini?"

"Inasema amekuwa raia, Koko."

"Na mbuzi wangu watatu, wao wamekuwa nani?"

Nilikosa la kusema. Mbuzi wale walichukuliwa na kikundi cha kijana huyu usiku mmoja wa 2001, na mmoja wa waliovuta kamba alikuwa yeye. Koko alimtambua kwa sauti.

Wiki moja kabla, wageni walikuja na kipaza sauti. Walihubiri msamaha kwa saa nzima, wakagawa fulana, wakawahi kurudi mjini kabla ya giza. Hawakuuliza nani aliibiwa nini. Nao uwanda ule ulikuwa bado unanuka hofu: Agosti 2004, Gatumba, ng'ambo tu ya mpaka na Burundi, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa kambini usiku mmoja. Makabila ya uwandani yalikuwa yakipishana sokoni bila kusalimiana. Fulana isingeweza kuyapatanisha.

Wazee walifanya kikao chao wenyewe, chini ya mti, na kasiksi ya ndizi katikati. Waliamua kijana akae, alime, na amlipe Koko mbuzi mmoja mmoja kutoka kwenye zile dola 25. Alikubali mbele ya wote. Hiyo ndiyo hukumu ya maana niliyoishuhudia katika miaka ile, na haikugharimu mfadhili yeyote kitu.

Mwezi wa kwanza pesa zilifika, kwa simu. Wa pili zilichelewa. Wa tatu na wa nne hazikuonekana. Kijana akawa anatembea kwa miguu hadi mjini kuuliza, anarudi mikono mitupu, na kila aliporudi hivyo watu walisema ameshamwibia Koko mara ya pili. Kisha akaletewa wavu wa kuvulia, yeye ambaye hakuwahi kukaa ndani ya mtumbwi. Ziwa Tanganyika lilikuwa tayari limejaa wavuvi. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, ambacho zamani kilikuwa tegemeo la vijana wa uwandani, kilikuwa kimefungwa tangu 1996. Wavu ukauzwa bandarini Kalundu kwa bei ya kutupa. Wenzake waliopewa vyerehani walijikuta mafundi wengi katika kijiji kisicho na nguo za kushona.

Nami nilikuwa na uchungu wangu. Niliporudi darasani, mzazi mmoja alinisubiri mlangoni. "Mwalimu, mwanangu hajashika bunduki hata siku moja. Yeye atapewa nini?" Primu yangu, hata wazazi wote wakilipa, haikufika dola 25. Mwaka uliofuata wavulana wawili wa darasa la sita waliniuliza kama najua uandikishaji mwingine utakuwa lini. Walikuwa na akili nzuri ya hesabu. Walishaona kwamba bunduki ndiyo cheti pekee kinachokufungulia ofisi.

Na uandikishaji mwingine ulikuja: baada ya mikataba ya Goma ya 2008 na 2009, tena tangu 2013, tena 2021. Kila programu ilikuta vikundi vingi kuliko vile ilivyoacha iliyotangulia. Wapo wanaosema vijana wetu wanapenda vita. Mimi niliwaandika kwa mkono wangu, nasema sivyo. Wengi waliokaa mbele yangu walitaka shamba, mke na kuachwa walale. Kosa letu ni kwamba tuliilipa bunduki, halafu tukamwomba aliyeporwa asamehe bure.

Kijana aliondoka mwishoni mwa 2008. Wengine walisema yuko Fizi, katika kikundi kipya. Wengine walisema amevuka ziwa, yuko Kigoma anavua, jambo ambalo lingenichekesha kama lingekuwa kweli. Kadi yake aliiacha ndani ya nyumba, imechomekwa kwenye udongo wa ukuta.

Aliyebaki ni yule binti niliyemwandika kwenye mstari wa wategemezi. Alianza na beseni moja la ndagala, yaani dagaa, wabichi. Alikuwa akiondoka na nyota ya alfajiri, anapanda gari la kwanza hadi Uvira, anarudi jioni ananuka samaki, na watoto wakimwita mke wa Mai-Mai. Mwaka 2010 alimpelekea Koko mbuzi jike. Koko alimshika mbuzi meno, akamtazama kwato, akasema, "Huyu ni mmoja." Baada ya miaka miwili akapeleka wa pili. Tangu hapo nilianza kuwaona wawili hao wakimenya maharage kibaraza kimoja, na mtoto aliyekuja mgongoni siku ile ya kadi akitumwa maji na Koko kama mjukuu wake. Koko alifariki kabla deni halijakwisha. Mbuzi wa tatu alichinjwa matangani, na binti akakaa upande wa wafiwa. Hakuna aliyemwondoa.

Sasa nina miaka zaidi ya sitini, na chaki nimeshaiacha. Programu ya 2021 imeweka neno jamii ndani ya jina lake, nami nalipokea kama dalili kwamba kuna aliyesikia. Lakini Januari 2025 Goma ilitekwa, Februari ikafuata Bukavu, na vijana waliozaliwa wakati nashika daftari lile wameshika bunduki, kila mmoja upande wake. Siku moja nao watazishusha. Karani mwingine atakaa chini ya shitingi na kuuliza: jeshi au uraia?

Mtakaomtuma karani huyo, mpeni madaftari mawili. Moja la wanaorudi, na la pili la wanaowapokea: aliyechukuliwa mbuzi, aliyechomewa nyumba, binti aliyebebeshwa risasi. Na hilo la pili alifungue kwanza.