Simu Ilikuwa Mfukoni

Niko na video karibu arobaini za kukhu. Anacheka, anacheza, ananigombeza kwa Kibukusu. Mlizipenda sana. Lakini hakuna hata moja anaeleza ile siku ya Malakisi, tarehe 10 Februari 1948, polisi wa mkoloni walipowapiga risasi waumini wa Dini ya Msambwa, watu 11 wakafa. Yeye alikuwa msichana mdogo. Alikuwa akiisimulia tukipukuchua mahindi. Mimi naskiza tu, simu iko mfukoni. Mwaka jana tulimzika.

Kule Mfangano, kisiwa cha Ziwa Victoria, Wasuba wana makumbusho yao wenyewe, Abasuba Community Peace Museum, na wanatunza michoro ya miambani ya Kwitone na Mawanga. Lugha yao imemezwa sana na Kijaluo, kwa hivyo wanajua kuchelewa ni nini.

Sisi wa Sirisia tunangoja nani? Wikendi hii wacha kurekodi densi. Keti na mzee mmoja, muulize swali moja, halafu unyamaze. Akikohoa, usizime. Akinyamaza pia, usizime.