Jana aliyekumbushwa ya jana

MWENZENU nina ugonjwa mmoja. Mwaka ukikaribia kuisha, wachezaji wa tenisi wakianza kukusanyika kwa yale mashindano ya kufunga msimu, watu wote wanaulizana nani anaongoza orodha ya dunia. Mimi mawazo yangu yanakimbilia kwa Jana Novotná, yule dada wa Kicheki, na wiki yake moja ya Novemba 1997 pale Madison Square Garden, New York.

Kwetu sisi jina lake lenyewe ni kama mkosi. Anaitwa Jana, na kila akiingia uwanjani watu wanamkumbusha ya jana!

Ya jana yenyewe ni hii. Mwaka 1993 alifika fainali ya Wimbledon dhidi ya Steffi Graf. Na hakufika kwa kubebwa, maana nusu fainali alimtoa Martina Navratilova, mama mwenye vikombe tisa vya pale. Seti ya kwanza akakosa kidogo tu, 7-6. Ya pili akamchapa Graf 6-1. Ya tatu akawa anaongoza gemu 4-1, na pointi ni 40-30, servisi yake. Pointi moja tu iwe 5-1, halafu tuanze kuulizana sherehe ni saa ngapi. Akapiga servisi ya kwanza, nje. Ya pili, nje tena, tena mbali! Kuanzia hapo Graf akachukua gemu tano mfululizo, mchezo ukaisha 6-4.

Wakati wa kutoa zawadi akajaribu kujikaza. Ikashindikana. Akaangua kilio begani kwa Duchess wa Kent, mama wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, na picha ile ikazunguka dunia nzima. Nadhani hata watu wasiojua raketi inashikwaje waliiona.

Hapa Dar mwaka ule ule tulikuwa na kilio chetu. Simba walitoka 0-0 na Stella kule Abidjan kwenye fainali ya Kombe la CAF, wakarudi nyumbani kumalizia kazi, wakafungwa 2-0. Mtu aliyekuwepo siku ile haulizi Jana alikuwa analilia nini.

Tofauti ni kwamba timu ina watu kumi na moja wa kugawana lawama. Jana alikuwa peke yake, na miaka miwili baadaye akaongeza nyingine. Paris, 1995, raundi ya tatu, anacheza na Mmarekani Chanda Rubin, binti wa miaka 19. Seti ya tatu anaongoza 5-0, na ndani ya gemu inayofuata ni 40-0. Alipata pointi tisa za kumaliza mechi. Tisa! Akafungwa 8-6. Basi waandishi wa Kiingereza wakamgeuzia jina, wakaanza kumwita 'No-No Novotna'. Sisi tungesema tu dada anachemsha.

Halafu Julai 1997 akarudi fainali ya Wimbledon. Akashinda seti ya kwanza 6-2 mbele ya Martina Hingis wa miaka 16, na ya tatu akaanza kwa kuongoza 2-0. Akafungwa tena. Alikuwa na maumivu ya misuli ya tumbo, lakini nani alisikiliza habari ya tumbo? Watu walikuwa wameshaandika hukumu kabla hata jua halijazama.

Sasa nitoe ya moyoni. Mimi naona walimwonea. Mchezo wa Jana ulikuwa wa kupiga servisi na kukimbilia wavuni. Huo ni mchezo wa kujilipua. Anayebaki nyuma na kurudisha mipira akikosa, hakuna anayekumbuka. Anayekimbilia wavuni akikosa, kila mtu ameona. Na huyu huyu wanayesema hana roho ngumu alikuwa anabeba vikombe vikubwa vya wachezaji wawili wawili kama anaokota maembe. Hadi anastaafu alikuwa na 12 vya wanawake na vinne vya mchanganyiko. Mtu mwoga hupati vitu hivyo, hata kama kuna mwenzio pembeni.

Lakini jina likishakaa, limekaa. Nina mshikaji wangu, jina lake la kweli tuliache, kijiweni kwetu Kinondoni anaitwa 'Kadi'. Harusi yake imevunjika mara mbili, na mara zote mbili kadi za michango zilikuwa zimeshagawiwa na watu wameshatoa. Sababu hazikuwa zake. Mara ya kwanza msiba, mara ya pili wazee wa upande wa pili walibadili maneno. Hakuna anayejali. Juzi kaja na kadi za Desemba, mtu mzima anatetemeka mkono. Jamaa mmoja akamuuliza, "Kaka, hii nayo ni ya kwenda ukumbini au ya kuwekea alama kitabu?" Tukacheka wote. Yeye naye akacheka, ila macho yake yalikuwa chini. Mimi nilitoa changu palepale, na nikampigia hesabu ya New York. Alinitazama kama nimekunywa.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Mashindano yale ya kufunga msimu hayana mteremko. Walikuwa wanaingia wanawake 16 tu waliofanya vizuri mwaka mzima, kwa hiyo siku ya kwanza tu unakutana na mtu mzito. Na fainali ya wanawake enzi hizo ilikuwa ndefu kama ya wanaume, mpaka mtu ashinde seti tatu. Kwa mtu unayesema anavunjika mechi ikiwa ndefu, hapo ndipo machinjioni!

Jana alikuwa na miaka 29. Msimu ule wa vuli alikuwa ameshashinda Leipzig na Moscow, lakini hayo wanaoyakumbuka ni wachache. Graf alikuwa nje, kafanyiwa upasuaji wa goti. Hingis alikuwa amechukua vikombe vikubwa vitatu kati ya vinne mwaka huo, kila mtu akijua ni chake. Mary Pierce wa Ufaransa akamtoa robo fainali. Yaani mlango ukafunguka wazi, na kwa Jana mlango wazi ndio uliokuwa unatisha zaidi. Huko nyuma hakuwa anashindwa akiwa nyuma. Alikuwa anashindwa akiwa mbele.

Fainali ikawa yeye na huyo huyo Pierce. Seti ya kwanza ikaenda hadi 7-6, ile ile aliyokuwa ameikosa kwa Graf. Safari hii akaichukua. Halafu 6-2. Halafu 6-3. Hakuna kilio, hakuna bega la mtu. Akamaliza mwaka akiwa namba mbili wa dunia, na kikombe kikubwa kuliko vyote alivyowahi kushinda peke yake hadi siku ile.

Miezi minane baadaye, Julai 1998, alirudi Wimbledon, akamtoa Hingis nusu fainali, akamshinda Nathalie Tauziat 6-4, 7-6. Watu wengi husimulia kwamba hapo ndipo laana ilipovunjika. Mimi siafiki. Kwa macho yangu ilivunjika mwezi wa Novemba, ukumbini, juu ya zulia, mbali na majani mabichi na wafalme. Yule aliyetembea London 1998 alikuwa ameshajua kwamba mtu anaweza kuongoza na akamaliza.

Jana alifariki Novemba 2017 kwa kansa, akiwa na miaka 49 tu, miaka 20 baada ya wiki ile ya New York. Magazeti yaliandika vizuri, siwalaumu. Lakini nilivyokuwa nafungua kurasa, kila nilipogeuka nilikutana na picha ya 1993, kichwa begani kwa Duchess. Pengine waliweka na ya 1998, sahani mkononi, anacheka. Ya Madison Square Garden niliitafuta sana siku ile. Sikuipata hata moja.