Ndugu wa Tumbo Moja

Kwa miaka ishirini na mitatu kazi yangu ilikuwa kuandika habari za uzazi wa farasi. Nilikuwa karani katika shamba moja la kuzalisha farasi wa mbio, katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, mahali ambapo asubuhi za Julai umande huganda juu ya majani kama chumvi. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja cha mbao kando ya mazizi. Ndani mlikuwa na meza, jiko la makaa, na daftari kubwa la jalada jeusi ambamo kila farasi jike alikuwa na ukurasa wake. Niliandika siku aliyopandwa, jina la dume, siku aliyozaa, rangi ya mtoto na alama zake: nyota usoni, soksi nyeupe mguuni. Mtoto aliyezaliwa mfu aliandikwa. Aliyeuzwa akiwa mdogo, habari zake zisisikike tena, naye aliandikwa. Mwenye shamba alinionya siku ya kwanza kabisa: "Usiruke tumbo hata moja. Ukiruka moja, daftari zima limekuwa uongo."

Neno hilo nililishika shambani. Nyumbani sikulishika, na ndiyo sababu ya kuandika kurasa hizi. Lakini kwanza nieleze habari za farasi mmoja ambaye sikupata kumwona kwa macho.

Magazeti ya mbio kutoka Uingereza yalimfikia mwenye shamba kwa posta, yakiwa yamechelewa wiki tatu au nne. Akimaliza kuyasoma aliyaacha mezani pangu. Mwaka 1987 jina moja lilianza kurudi karibu katika kila toleo: Miesque. Alikuwa mtamba wa rangi ya hudhurungi, aliyezaliwa Machi 1984, mali ya Stavros Niarchos, tajiri wa meli wa Kigiriki. Mkufunzi wake alikuwa François Boutin wa Ufaransa, na mpandaji wake Freddy Head. Baba yake, Nureyev, alikuwa na kisa chake: mwaka 1980 alitangulia kufika katika mbio kubwa ya Newmarket, kisha waamuzi wakamnyang'anya ushindi kwa kumsumbua mwenzake njiani. Jina la Miesque tulilitamka kila mtu kwa namna yake. Masaisi wetu, ndio watunza farasi, walimwita Miriamu, na mimi nikaacha kuwasahihisha.

Alipokuwa na umri wa miaka miwili alishinda mbio mbili za daraja la kwanza kule Longchamp. Mwaka uliofuata alivuka bahari akashinda mbio ya wajike ya Newmarket, iitwayo 1000 Guineas, akarudi Ufaransa akashinda ya kwao ya namna hiyo hiyo. Zote zilikuwa za maili moja, juu ya nyasi. Mwezi Juni walimjaribu katika Prix de Diane kule Chantilly, ambayo ni ndefu zaidi, na huko Indian Skimmer akamwacha. Pumzi ya Miesque ilikuwa ya maili moja. Farasi wana ukweli huo ambao wanadamu hatuupendi: kila mmoja ana umbali wake, na ukimsukuma kuupita hakuna kiboko kitakachosaidia. Agosti walimrudisha kwenye umbali wake, katika Prix Jacques le Marois ya Deauville, mji wa pwani, akashinda. Septemba akashinda tena Longchamp. Kisha Novemba wakampeleka California, kwenye mbio za Breeders' Cup katika uwanja wa Hollywood Park. Huko aliwaacha wote kwa urefu wa farasi watatu na nusu.

Mwaka 1988 alirudia. Alishinda Deauville mara ya pili, akashindwa na Soviet Star kule Longchamp, kisha akapelekwa Amerika tena, safari hii Churchill Downs, Kentucky. Mbio hiyo niliiona. Daktari mmoja wa mifugo alikuja shambani na kanda ya video, na mwenye shamba akatuita sote sebuleni kwake, masaisi wakisimama mlangoni kwa sababu ya viatu vyao. Picha ilikuwa ya kijivu. Ilikuwa siku ya mvua na matope. Head amemtuliza, hana haraka. Farasi wakaingia sehemu iliyonyooka, na hapo mtamba yule akafungua hatua zake kana kwamba wengine wamefungwa kamba. Aliyekuwa wa pili, Steinlen, hakuwa wa kubezwa, maana mwaka uliofuata alishinda mbio hiyo hiyo. Miesque alimzidi kwa urefu wa farasi wanne. Mzee mmoja mlangoni akapiga kelele, "Miriamu!" na mwenye shamba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, akacheka.

Hakuna farasi kabla yake aliyekuwa ameshinda mbio mbili za Breeders' Cup. Wamarekani walimtangaza bingwa wao wa wajike wa mbio za nyasi mwaka 1987 na tena 1988, ingawa kila mwaka alikimbia kwao mara moja tu. Hesabu yake yote naijua kwa moyo: mbio kumi na sita, ushindi kumi na mbili, mara tatu wa pili, mara moja wa tatu. Hakuna siku aliyorudi nyumbani bila kitu.

Ilikuwa katika siku hizo za video ndipo nilipojifunza jambo lililonishangaza kuliko mbio zenyewe. Saisi mmoja alisema kwamba watoto wawili waliozaliwa wiki ile, kwa majike wawili tofauti lakini kwa dume mmoja, ni ndugu. Mwenye shamba akamkatiza. Hao si ndugu, alisema. Katika hesabu ya farasi wa mbio, ndugu ni wale waliotoka tumbo moja. Waliozaliwa na mama mmoja kwa madume tofauti huitwa nusu ndugu. Waliochangia baba peke yake hawaitwi chochote. Sababu yake ni rahisi. Dume aweza kupanda majike mia na zaidi katika msimu mmoja. Jike hubeba mimba miezi kumi na moja na kuzaa mmoja kwa mwaka, akijaliwa. "Tukiwaita watoto wote wa dume ndugu," alisema, "nani atakuwa si ndugu?"

Sisi tuliokuwepo tulitazamana. Mimi ni mtoto wa nyumba ya pili kati ya tatu. Baba yetu alikuwa na watoto kumi na saba, na jina lake lilitufunika sote kama blanketi moja. Lakini mama yangu, kabla ya kuolewa na baba, alikuwa amezaa mtoto wa kike akiwa bado kwa wazazi wake. Mtoto huyo alibaki kwa nyanya. Alikuja kwetu likizo za shule, akasaidia kuchota maji, akalala jikoni, akarudi. Baba hakumtesa. Hakumtaja tu. Wazee walipenda kusema kitanda hakizai haramu, wakimaanisha kwamba kila mtoto aliyezaliwa katika ndoa ni wa mwenye ndoa. Lakini dada yangu hakuzaliwa kwenye kitanda cha baba, kwa hiyo hata methali ilimpita. Sasa nikakaa ofisini nikapiga hesabu kwa kanuni ya daftari langu. Wale kumi na wawili wa nyumba nyingine hawakuwa kitu. Dada yangu wa jikoni alikuwa kwenye ukurasa mmoja nami, mstari wa kwanza.

Nilifanya nini na ujuzi huo? Hakuna. Niliutia mfukoni.

Miesque alipostaafu wengi walingoja kuona. Wafugaji wanajua kwamba jike aliyekimbia vizuri aweza kuzaa watoto wazito kama magogo. Mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1990, alikuwa Kingmambo, ambaye mwaka 1993 alishinda mbio tatu za daraja la kwanza katika Ufaransa na Uingereza. Wa pili, aliyezaliwa 1991 kwa dume mwingine, alikuwa wa kike, East of the Moon. Huyu mwaka 1994 alishinda Prix de Diane, ile ile iliyomshinda mama yake, na Agosti akashinda pale pale Deauville. Magazeti yale niliyakata nikayabandika ukutani.

Kingmambo akawa dume mashuhuri. Watoto wake walienda mbali: El Condor Pasa alishinda Japan Cup mwaka 1998, King Kamehameha akashinda Derby ya Japani mwaka 2004. Hao wote huhesabiwa kwa jina la Kingmambo, na mama yake hukaa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Lakini mimi nilikuwa nikifuata upande wa kike, upande wa daftari langu. Palikuwa na binti wa Miesque aitwaye Monevassia, ndugu kamili wa Kingmambo, baba mmoja mama mmoja. Uwanjani hakuacha jina lolote. Karani mvivu angeweza kumsahau asilaumiwe na mtu. Huyo ndiye aliyemzaa Rumplestiltskin, ambaye mwaka 2005 alishinda Prix Marcel Boussac, mbio ambayo bibi yake alikuwa ameishinda mwaka 1986. Na mwaka 2018 Alpha Centauri, kitukuu cha Miesque kupitia East of the Moon, alishinda Prix Jacques le Marois. Mama mara mbili, binti, kitukuu, katika mbio ile ile ya mji ule ule.

Miesque mwenyewe alikufa Kentucky, Januari 2011, akiwa mzee wa miaka karibu ishirini na saba. Nilikuwa nimeshastaafu. Nilisoma habari hiyo katika chumba cha intaneti mjini Nakuru, nikakaa pale mpaka kijana mwenye kompyuta akaniuliza kama nimefiwa.

Mama yangu alifariki mwaka uliofuata. Kwa kuwa mimi ndiye karani wa ukoo, nilipewa kazi ya kuandika wasifu wake katika programu ya mazishi. Nilianza vizuri: jina, mahali alipozaliwa, kanisa lake. Nilipofika kwenye watoto, baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu. "Andika wa nyumba hii tu," alisema. "Akiandikwa leo kwenye karatasi, kesho atataka kuandikwa kwenye shamba." Nilijua kabisa anamzungumzia nani. Niliandika: Marehemu ameacha watoto watano.

Dada yangu ndiye aliyemwosha na kumlisha mama miezi minane ya mwisho. Siku ya mazishi aliketi kwenye hema la majirani. Nilimwona akipokea programu, akafungua, akasoma mpaka chini. Kisha akaikunja mara mbili, akaitia mkobani, na wimbo ulipoanza akasimama akaimba pamoja na wengine. Hakuniuliza lolote, siku ile wala mwaka ule. Alikuwa akinisalimia kama kawaida, na hilo ndilo lililonishinda.

Miaka mitatu baadaye nilitoa sandukuni daftari tupu nililopewa shambani nilipoaga, lenye jalada jeusi kama yale mengine. Kwenye ukurasa wa kwanza niliandika jina la mama. Chini yake, mstari wa kwanza, jina la dada yangu na mwaka wake. Kisha sisi watano kwa mpangilio. Nikapanda matatu mpaka kwake, nikamkuta anachambua maharagwe uani. Nilimwomba radhi kwa maneno machache, maana niliyokuwa nimeyaandaa yalinipotea, nikampa daftari.

Akavaa miwani. Alisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alipofika kwa jina langu kidole kikasimama, kikarudi juu, kikakaa katikati yangu na kaka aliyenitangulia.

"Na huyu mbona hukumwandika?" akaniuliza.

"Nani?"

"Kuna mmoja kabla yako. Mama alikuja kwa nyanya kujifungua. Hakulia. Mimi ndiye niliyeshika taa."

Miaka yote ile sikuwa nimesikia. Nilimwuliza ilikuwa mwaka gani. Akaweka ungo chini, akafikiri, akaniambia ilikuwa wakati wa mahindi mabichi, mwaka ambao daraja la mtoni lilichukuliwa na maji, na kwamba alikuwa mvulana. Nikatafuta kalamu mfukoni.